Msiifanye bustani yetu maegesho, hata kwa muda

Waheshimiwa mwenyekiti na wajumbe wa baraza, ofisa mipango miji, na mkuu wa idara inayosimamia bustani na maeneo ya wazi,

YAH: BUSTANI ILIYOBAKI KATIKA MTAA WETU

Tangazo lenu nimeliona. Limepigiliwa misumari minne kwenye shina la ule mti mkubwa wa katikati ya bustani, usawa wa macho, ndani ya mfuko wa plastiki lisiloane. Linasema upande wa juu wa bustani, kuanzia kwenye mti hadi barabarani, utatumika kwa muda kama maegesho ya magari, kwamba mti wenyewe hautakatwa, na kwamba mwenye maoni ayalete kwa maandishi ndani ya siku 21. Maoni yangu ni haya. Nimeyaandika wazi ili majirani wayasome pamoja nanyi, kwa kuwa jambo lenyewe ni letu sote.

Wakati nalisoma, nyuma yangu kwenye benchi alikuwa amekaa bibi mmoja tunayemfahamu wote pale mtaani. Nilimwamkia, akaitika, kisha akauliza, "Wameandika nini hapo, mwanangu? Miwani nimeiacha." Nikamsomea mwanzo hadi mwisho. Alinyamaza, akaupangusa mkongojo wake kwa kiganja, halafu akasema, "Sasa mimi nitapumzikia wapi?" Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua. Bibi huyu huenda zahanati kwa miguu kila baada ya wiki mbili, na benchi lile liko nusu ya njia. Likiwepo, ana safari mbili fupi. Likiondoka, ana safari moja asiyoiweza. Nawaomba mlishike swali lake mnaposoma yanayofuata, maana mimi sikuwa na jibu la kumpa.

Kinachotutia hofu zaidi katika tangazo ni hayo maneno mawili, "kwa muda". Tunayajua. Ramani ya mtaa huu, ile iliyopitishwa kabla viwanja havijagawiwa watu, ina maeneo matatu yaliyopakwa rangi ya kijani. Nimeiona kwa macho yangu, imetandazwa juu ya meza ofisini kwenu, na ofisa aliyenionyesha alinieleza kwa uvumilivu mwingi, namshukuru. Eneo la kwanza, lile la karibu na barabara kuu, liliwekwa kokoto na mabomba wakati wa kuchimba mtaro. Tuliambiwa ni kwa muda. Mtaro ulikwisha, kokoto zikabaki. Ukaja uzio wa mabati kuzilinda kokoto, akaja mlinzi kuulinda uzio, na leo pale ni ghala. Eneo la pili halikuchukuliwa na mtu mmoja. Kipande kilienda kwenye transfoma, kipande kwenye kibanda, na jirani mmoja akausogeza ukuta wake hatua mbili kila alipoukarabati. Kilichosalia ni njia ya miguu na kichaka cha kutupia taka. Hakuna kikao chochote kilichowahi kukaa kikaamua kwamba eneo lile life. Bandu bandu huisha gogo. Sasa limebaki la tatu, hili la mti mkubwa, na ndilo mnalotaka tuwaazime.

Mimi ninakaa mkabala na bustani hii, huu ni mwaka wa 11. Naijua saa zake kama mtu anavyozijua saa za nyumba yake. Kabla jua halijachomoza kuna wazee watatu wanaoizunguka kwa miguu, mmoja akiwa ameshauriwa na daktari kwa ajili ya presha, wengine wawili wakimsindikiza. Asubuhi wanakuja kina mama wenye watoto wachanga kutafuta jua dogo la kuwaotea. Mchana, jua likiwa utosini, kivuli kinajaa mafundi na madereva. Mtu anavua viatu, anaweka kofia usoni, analala nusu saa na kurudi kazini. Kuanzia saa kumi bustani ni ya watoto. Magoli ni mawe mawili mawili, na mpaka wa uwanja ni suala la kujadiliana. Huo upande wa juu mnaotaka kuuchukua, kwa kuwa ni tambarare na hauna mizizi iliyojitokeza, ndipo watoto wa mtaa mzima hujifunzia baiskeli. Nimemwona baba mmoja akikimbia nyuma ya binti yake ameshika kiti cha baiskeli, anapiga kelele "Kanyaga! Kanyaga! Nimekushika!" huku amekwisha kumwachia zamani. Mtoto aligundua alipofika kwenye benchi na kugeuka. Jambo hilo halifanyiki barabarani penye magari. Mitaa yetu hii ya pembezoni ina nyumba nyingi zenye kuta ndefu na ua mdogo, na mtoto asiyekuwa na mahali pa kukimbia hufungiwa ndani na skrini mpaka usiku.

Naingia sasa katika suala la mti, kwa sababu hapo tangazo linatoa ahadi ambayo haiwezekani kutimizwa. Mnasema mti hautakatwa. Naamini mlioandika mlimaanisha hivyo. Lakini mti hauishi kwa shina peke yake. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti iko katika tabaka la juu la udongo, ndani ya sentimita 60 hivi za mwanzo, na husambaa mbali kupita pale kivuli kinapoishia. Mizizi hiyo inahitaji hewa kama inavyohitaji maji, na hewa hiyo hukaa katika vinafasi vidogo kati ya chembe za udongo. Gari likipita juu ya udongo ulioloa, hata mara chache, vinafasi hivyo hushindiliwa na kuzibika. Maji ya mvua hayapenyi tena, yanatuama au yanakimbia. Mkimwaga kifusi na kokoto kisha mkashindilia kwa roli, kama inavyofanyika kwenye kila maegesho, mtakuwa mmeufukia nusu ya mti ukiwa hai.

Nao hautakufa mwaka huo. Hapo ndipo penye udanganyifu. Mti mkubwa una akiba. Huendelea kuonekana mzima miaka kadhaa. Kisha ncha za matawi ya juu kabisa huanza kukauka, majani yanakuwa madogo na haba, tawi moja linaanguka juu ya kioo cha gari la mtu. Hapo itaandikwa barua nyingine, isemayo mti ni hatari kwa mali na maisha ya wananchi, na utakatwa kwa nia njema kabisa, na waliotoa kibali cha maegesho watakuwa wamehamishwa au wamestaafu. Hakuna atakayeunganisha mambo hayo mawili. Ndiyo maana nayaunganisha leo, mapema, kwa maandishi.

Kuna watakaosema mti ni mti tu, utapandwa mwingine. Basi nizungumzie upandaji, kwa sababu tumeuona hapa hapa. Miaka mitatu iliyopita msafara ulikuja na gari la miche. Kulikuwa na viti vya wageni, maikrofoni, fulana za rangi moja. Miche 60 ilipandwa kwa asubuhi moja kando ya uzio, na sisi wakazi tulishika majembe kwa furaha, nami nikiwemo. Picha zilipigwa. Saa saba gari liliondoka, na halikurudi tena. Bomba la bustani limekatwa tangu zamani, kwa hiyo hakukuwa na pa kuchota. Familia nne au tano tulianza kubeba ndoo kutoka majumbani, tukagawana safu. Lakini mche unahitaji kumwagiliwa kwa utaratibu miaka miwili au mitatu ya mwanzo, na ndoo za hiari hudumu wiki chache. Kiangazi kilipoingia ikaanza kukauka.

Siku moja niliung'oa mmoja uliokwisha kufa ili nione tatizo ni nini. Ulitoka kwa mkono mmoja, bila ubishi. Mizizi yake ilikuwa bado ndani ya kifuko cheusi cha kitalu, imejizungusha humo mviringo kama kamba iliyokunjwa, haikuwahi hata kuugusa udongo wa bustani. Nikang'oa wa pili uliokauka. Vilevile. Nikakaa chini pale pale. Niliwaza watu wazima wote tuliokuwepo asubuhi ile, mabwana shamba, viongozi, sisi wakazi, na hakuna hata mmoja aliyesimama juu ya shimo na kuangalia. Silitaji hili kumuumbua mtu. Nami nilikuwepo, na huenda ule wa pili niliufukia mimi. Nalitaja kwa sababu linaonyesha tulichokosa: mtu ambaye kazi yake ni bustani hii, anayerudi kesho yake na kesho kutwa. Katika ile 60 imesalia 7, na yote iko jirani na nyumba ya mzee mmoja mstaafu ambaye kila jioni hutoka na mpira wake wa maji.

Hizo 7 zinanifundisha kuliko ile 53. Mti mmoja wenye mtu wake unashinda safu nzima isiyo na mtu.

Hali ya joto mnaijua, lakini naomba mje muipime kwa miguu yenu. Njooni saa nane mchana siku ya jua kali, msimame kwanza kwenye barabara ya lami iliyo mbele ya bustani, kisha mwingie chini ya mti. Uso wa lami juani unaweza kupita nyuzi joto 60. Chini ya mti mnapata kivuli, na juu ya kivuli kuna kazi nyingine isiyoonekana: majani hutoa maji kama mvuke kupitia matundu madogo, na maji yanapogeuka mvuke hubeba joto la hewa inayozunguka. Lami yenyewe hulihifadhi joto la mchana na kulitoa usiku, wakati sisi tunataka nyumba zipoe tulale. Medellín, huko Kolombia, walianza mwaka 2016 kupanda miti na mimea kando ya barabara na mifereji, wakatengeneza njia 30 za kijani, na wakawafundisha wakazi wa mitaa ya kipato cha chini kazi ya kuzitunza. Jiji hilo liliripoti kwamba joto katika maeneo hayo lilishuka kwa takriban nyuzi 2. Walioajiriwa kutunza ndio ninaowaonea wivu zaidi.

Na mvua. Upande wa juu wa bustani ndio unaopokea maji yanayoshuka kutoka barabarani kabla hayajafika kwenye nyumba za bondeni. Nyasi na udongo laini huyapokea na kuyanywa. Mkiweka kokoto zilizoshindiliwa, maji hayo hayatapotea. Yatahamia sebuleni kwa watu wa chini. Mwenye nyumba ya mwisho kule bondeni tayari ameinua kizingiti cha mlango wake kwa matofali mawili. Naomba mhandisi wenu amtembelee kabla kibali hakijasainiwa.

Nataka kueleza pia jambo ambalo huonekana kama anasa linapotajwa vikaoni, yaani utulivu wa moyo. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science taarifa kuhusu wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Aliwalinganisha wawili wawili, jozi 23: mmoja dirisha lake likitazama miti, mwingine likitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Miti ile hawakuipanda, hawakuigusa, waliitazama tu wakiwa kitandani.

Utafiti wa karibu zaidi na hali yetu ulifanyika Philadelphia, na matokeo yake kuhusu afya ya akili yalitoka mwaka 2018. Watafiti walichukua viwanja 541 vilivyotelekezwa. Baadhi viliachwa vilivyo, baadhi viliondolewa taka tu, na vingine vilisafishwa, vikasawazishwa, vikapandwa nyasi na miti michache, vikawekewa uzio mfupi wa mbao, kisha vikaendelea kutunzwa. Karibu na hivyo vya kundi la mwisho, watu walioripoti kujisikia wenye huzuni walipungua kwa zaidi ya asilimia 40 wakilinganishwa na wale wa karibu na viwanja vilivyoachwa. Kuzoa taka peke yake hakukuleta tofauti ya maana. Nimelifikiria sana hilo, kwa sababu eneo letu la pili, lile la kichaka, husafishwa mara moja kwa mwaka siku ya usafi, na baada ya wiki mbili taka zimerudi. Watu hutupa taka mahali panapoonekana pameachwa. Nyasi zilizokatwa na uzio wa kufika magotini vinamwambia mpita njia kwamba kuna mtu anayepaangalia.

Viwango navyo vipo, hatuombi kitu cha ajabu. Ofisi ya Shirika la Afya Duniani kanda ya Ulaya inapendekeza kwamba mkazi wa mjini awe na eneo la kijani la umma lenye ukubwa wa angalau nusu hekta hadi hekta moja ndani ya mita 300 kutoka nyumbani kwake, mwendo wa dakika 5 hivi. Mtaalamu wa misitu ya mijini Cecil Konijnendijk alipendekeza mwaka 2021 kipimo ambacho hata mtoto anaweza kukikumbuka: miti 3 ionekane kutoka kila nyumba, asilimia 30 ya mtaa iwe chini ya vivuli vya miti, na bustani iwe ndani ya mita 300. Malengo ya Maendeleo Endelevu ambayo nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa waliyapitisha mwaka 2015 yanataka, katika shabaha ya 11.7, watu wote wafikiwe na maeneo ya kijani ya umma yaliyo salama ifikapo mwaka 2030, na yanawataja kwa jina wanawake, watoto, wazee na watu wenye ulemavu. Bibi wa mkongojo yumo humo. Kutoka nyumbani kwake hadi bustani ni mita 250 nilizozihesabu kwa hatua. Mkiifunga, bustani inayofuata iko ng'ambo ya barabara kuu, na barabara kuu hawezi kuivuka.

Nimejiuliza mnakabiliwa na nini, maana najua hamkai ofisini kutafuta namna ya kutuumiza. Magari yameongezeka. Yanaegeshwa pembeni, yanabana njia, gari la wagonjwa juzi lilichelewa kupita. Hiyo ni shida ya kweli na nisingependa mtu yeyote aipuuze kwa ajili ya nyasi. Lakini lile ghala la mabati lipo. Nimelizunguka nikapima kwa hatua: ni kubwa kuliko upande wa bustani mnaouomba, limekwisha kushindiliwa, linatazamana na barabara kuu, na ndani yake, kwa kuchungulia kupitia upenyo wa geti, kuna kokoto zilizoota majani na mabomba yaliyopasuka. Liwe hilo maegesho. Naumia kuandika hivyo, kwa sababu nalo ni eneo la kijani kwenye ramani, na ninajua ninalitoa ili kuokoa jingine. Ila udongo wake umekwisha kuharibika, na bustani bado ni nzima. Kati ya kupoteza kilichopotea na kupoteza kilichopo, chaguo langu liko wazi.

Wengine kati yenu wanasema bustani ni maficho ya wahuni usiku. Ni kweli kwamba baada ya taa kuungua watu wanaogopa kupita. Lakini mhuni anapenda mahali penye giza na pasipo na watu, hivyo dawa ni kurudisha taa na kuwarudisha watu. Pogoeni matawi ya chini ya miti yapite kimo cha mtu, vichaka visivuke kiuno, mtu aliye barabarani aweze kuona hadi upande wa pili. Vijana wanaojiandaa na mitihani walikuwa wakisoma chini ya taa ile mpaka saa nne usiku, na wakati wao hatukuwahi kusikia mtu ameporwa pale.

Kuhusu bajeti nitasema moja tu. Kwa sasa mashine ya kukata nyasi huja baada ya miezi mitatu, inanyoa mpaka udongo unaonekana, na wiki inayofuata ni vumbi. Nyasi zikikatwa chini kiasi hicho hudhoofika mizizi na kuwapisha magugu. Fedha ya mashine hiyo na ya msafara wa kupanda miche ingeelekezwa kwa mtunza bustani mmoja mwenye toroli, mpira wa maji na saa za kazi zinazojulikana, bustani hii isingetambulika. Na ikisemwa kwamba ardhi ya wazi haizalishi chochote, tazameni Birkenhead, Uingereza. Bustani yake ilifunguliwa mwaka 1847, imejengwa kwa fedha za umma, na viwanja vilivyoizunguka viliuzwa ili kurudisha gharama. Watu walilipia kukaa karibu na miti. Miaka mitatu baadaye Mmarekani Frederick Law Olmsted aliitembelea, akaondoka na mawazo aliyoyatumia alipobuni Central Park ya New York.

Tunachokiomba kwanza ni karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na maeneo yetu mawili yalipotea hivyo hivyo: yalikuwa kijani kwenye ramani tu, hayakuwa na hati, hayakuwa na mawe ya mipaka, hayakuwa na jina la mtu wa kuulizwa. Mpimaji aje aweke mawe kwenye kona zote za bustani, hati itolewe kama eneo la umma, na matumizi yake yasibadilishwe, hata kwa siku moja, bila mkutano wa hadhara wa wakazi. Hata hati haitoshi watu wakinyamaza. Mwaka 1989 huko Nairobi serikali yenyewe ilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ambayo kila mtu aliijua kuwa ya umma. Wangari Maathai aliandika barua, moja baada ya nyingine, kwa ofisi za serikali na kwa mashirika ya kimataifa. Alidhihakiwa hadi bungeni. Wafadhili walijiondoa, jengo halikujengwa, na watu wa Nairobi bado wanayo bustani yao. Nasi tunaandika. Tungependa tu safari hii asidhihakiwe mtu.

Baada ya karatasi, mtu: mtunza bustani aliyeajiriwa, si wa siku ya sherehe. Bomba lirudishwe na liwe na kufuli, ufunguo akae nao yeye na kamati ya mtaa. Sisi wakazi tuko tayari kuunda zamu za kumwagilia na kuzoa majani. Tuna orodha ya kaya 34 zilizokwisha kuandika majina. Majani makavu yasichomwe, yarundikwe chini ya miche kama matandazo yatunze unyevu. Kila mche mpya utolewe kwenye kifuko kabla ya kufukiwa, na mmoja wetu atakuwa amesimama juu ya kila shimo kuhakikisha, hilo nawaahidi mimi mwenyewe.

Benchi liongezwe moja upande wa juu, lenye egemeo na pa kushikia mikono, kwa sababu mtu mzee akikaa kwenye benchi tupu lisilo na pa kushikia, kuinuka ni kazi. Na pale getini, kile kingo cha zege kilichoinuka kivunjwe kiwe mteremko, kuna kijana wa kiti cha magurudumu ambaye hutazama mpira akiwa nje ya uzio.

Njooni mwone kabla siku 21 hazijaisha. Siku yoyote ya wiki, saa kumi na moja jioni, hakuna haja ya msafara wala viti. Nitakuwa kwenye benchi chini ya mti, na nitamwomba bibi awepo ili mumjibu wenyewe. Na ile misumari minne, tafadhali, mwenye nyundo aje aing'oe. Maji ya mti yanachuruzika kwenye matundu mawili ya chini. Tangazo nimekwisha kulinakili, na kamba ya kulifungia ninayo.

Wenu,
Mkazi wa mtaa, mkabala na bustani